Mama Mkubwa Amerudi

Jina la Chiriku hakupewa na wazazi. Alibandikwa na majirani kabla hata meno ya utotoni hayajaisha kumtoka, na sababu ilikuwa mdomo. Alikuwa anaamka anaongea, anaoga anaongea, na baba yake, aliyekuwa kinyozi, alipenda kusema kwamba mtoto huyu angefaa kukaa kibandani kwake awapigie wateja soga ili wasigundue kuwa wembe umekuwa butu. Mdogo wake aliitwa Polepole, na huyo naye hakuonewa. Kusuka nywele za mwanasesere kulimchukua asubuhi nzima, na ukimwuliza swali ungeweza kwenda dukani ukarudi ndipo akujibu. Mama yao alifariki wangali wasichana. Wakabaki watatu katika nyumba iliyotazamana na duka la baiskeli, mmoja anaongea, mmoja kanyamaza, na mzee katikati anawanyoa watu.

Chiriku alipokua alipata kazi katika hospitali ya mji. Nyuma ya jengo la mifupa kulikuwa na karakana ya viungo bandia, chumba kirefu ambamo kila kitu kilikuwa na vumbi jeupe la plasta, hata redio. Humo ndimo alimokuwa akishona mikanda ya kufungia miguu. Kazi yenyewe si ya kubeza. Mkanda ukikaza sana unachubua ngozi, ukilegea mtu anaanguka sokoni mbele za watu. Chiriku aliwapima wagonjwa huku akiwapigia porojo, wakacheka, wakasahau kukakamaa, na vipimo vikatoka sawasawa. Mkuu wa karakana, mtu mkavu asiyesifu hata chai, alikuja kugundua kwamba waliopimwa na Chiriku hawarudi kulalamika. Nafasi ilipotokea ya kumpeleka mtu ng'ambo akasomee kutengeneza miguu yenyewe, toka kikombe kinachopokea kigutu mpaka wayo, alimtaja Chiriku bila hata kumwuliza.

Shida ilikuwa Kidoti. Huyu alikuwa binti yake, aliyeitwa hivyo kwa alama ndogo nyeusi iliyokaa juu ya mdomo kana kwamba mtu aligusisha kalamu hapo kwa bahati mbaya. Baba wa mtoto alishika njia zake mimba ikiwa bado changa, na habari zake ziliishia hapo. Wakati huo Kidoti alikuwa anatambaa tu, hajaanza kusimama. Chiriku alirudi nyumbani na habari za masomo, akazisema haraka haraka kama mtu anayemeza dawa chungu, akamalizia, "Lakini siendi. Nitamwacha vipi mtoto hivi?"

Mzee akaangalia dari. Polepole alikuwa anakunja nepi. Alikunja ya kwanza, akakunja ya pili, akaziweka sawa, halafu akasema, "Nenda, Dada."

"Niende wapi? Umenisikia lakini?"

"Nimekusikia. Huyu nitakaa naye mimi. Si ananijua? Si tunalala chumba kimoja sote? Nenda ukasome."

"Na Umeme je?"

Umeme alikuwa mchumba wa Polepole, fundi wa kutandaza nyaya kwenye nyumba, kijana mrefu mno, mwenye aibu, ambaye akija kusalimia alikaa kwenye ncha ya kiti kama anayesubiri kufukuzwa. Mazungumzo ya ndoa yalikuwa yameshaanza.

"Umeme yupo," alisema Polepole. "Haendi popote."

Ikawa basi. Chiriku alipiga moyo konde, akafunga sanduku, akamnyonyesha mtoto kwa mara ya mwisho, akapanda ndege. Kabla safari haijafika nusu blauzi yake ilikuwa imelowa maziwa, na abiria wa pembeni, mwanamume wa makamo, alimpa koti lake ajifunike.

Huko alikokwenda kulikuwa na baridi ya kuuma mpaka mizizi ya meno, na lugha aliyoijua kwa kukariri tu shuleni. Ndipo lilipotokea jambo ambalo majirani zake wangelipa kiingilio kuliona: Chiriku akawa bubu. Darasani alielewa mikono ya mwalimu kuliko maneno yake. Bwenini alipangwa chumba kimoja na msichana kutoka nchi nyingine kabisa, mwanafunzi wa ufamasia, mgeni kama yeye, ambaye naye lugha ilikuwa inampiga chenga. Jioni wawili hao walikaa kila mmoja kitandani kwake wakitabasamiana kama watu wanaosubiri kupigwa picha.

Aliyemfungua mdomo alikuwa mpishi wa kantini ya bweni, mama mnene mwenye mikono iliyobabuka kwa maji ya moto na sauti iliyowafanya wanafunzi wapange foleni bila kuambiwa. Siku moja baada ya chakula Chiriku alibaki jikoni kwa sababu mle ndani kulikuwa na joto. Akaona gunia la viazi, akashika kisu, akaanza kumenya. Mpishi akamtazama kwa jicho kali. Kisha akainua kiazi kimoja juu, akakitaja jina. Chiriku akarudia. Mpishi akatikisa kichwa, akakitaja tena, akiwa ameachama ili mwenzake aone ulimi unakaa wapi. Walipomaliza gunia, Chiriku alikuwa anajua kiazi, kisu, ganda, ndoo, na neno moja la matusi lililomtoka mpishi alipojikata.

Toka siku hiyo jiko likawa darasa lake la pili, naye akaijua lugha ile kwa kupitia mlango wa nyuma. Mtihani wa kwanza wa vitendo alimwomba profesa upawa mmoja wa plasta, akasema anaikoroga mpaka ishike kama uji, halafu akaeleza kwamba mguu huu haufai kujaribiwa leo maana bado haujaiva. Darasa zima lilivunjika mbavu. Profesa naye alicheka mpaka akavua miwani, lakini alipouchunguza ule mguu aliivaa tena, akaugeuza huku na huku, akasema kwamba umeiva kabisa.

Nyumbani alikuwa anawaona kwa simu kila Jumapili. Mzee alikuwa haamini kwamba kifaa kidogo vile kinaweza kufikisha sauti ng'ambo bila msaada, kwa hiyo alipiga kelele mpaka mwenye duka la baiskeli akawa anajua habari zote za chuo. Kidoti alisimama kwenye simu, akaota meno kwenye simu. Siku aliyotembea, Polepole aliweka simu chini ukutani, na Chiriku akaona vijiguu vikija, vikiyumba, vikija, kisha vikageuka kwa furaha na kumkimbilia Polepole. Simu ilipokatika Chiriku aliketi sakafuni akalia kama mtu aliyefiwa. Mfamasia, kama alivyokuwa akimwita yule mwenzake wa chumba, hakujua amwambie nini. Alichukua makoti yote mawili, akamvisha moja, akamshika mkono mpaka kwenye uwanja wa michezo nyuma ya bweni, wakaanza kuuzunguka. Walizunguka mpaka jasho likawatoka kwenye baridi ile. Hapo ndipo yule msichana alipopata maneno. "Mtoto anatembea," alisema kwa lugha yake ya kuokoteza. "Na mama atembee."

Miaka ikaenda. Mahafali yalipokaribia, kila mhitimu alipewa viti viwili mbele kwa ajili ya familia. Chiriku alivirudisha. Aliwaambia watu wa chuo kwamba kwao ni mbali, hakuna anayeweza kuja, wampe mwingine mwenye ndugu wengi. Jioni hiyo mpishi alimsubiri kwenye mlango wa kantini ameshika kiuno.

"Nimesikia umegawa kiti changu," alisema.

"Kiti chako kipi, Mama?"

"Unaniita Mama kila siku ukitaka supu ya ziada. Leo kwenye viti mimi si mama?"

Asubuhi yake Chiriku alirudi kuviomba vile viti kwa aibu, akavipata. Siku yenyewe mpishi alikuja amevaa gauni la buluu na kofia yenye ua, mtu asiyetambulika bila aproni, akaketi mbele kabisa. Pembeni yake alikaa Mfamasia ameinua simu juu kwa mikono miwili, na ndani ya simu walikuwamo mzee, Polepole, Umeme aliyeonekana kidevu tu kwa urefu wake, na Kidoti anayekula mkate.

"Chiriku ni yupi hapo?" sauti ya mzee ilijaa ukumbini. "Mbona wote wamevaa kama majaji?"

Watu wa safu nzima waligeuka. Mpishi, asiyeelewa hata neno moja, aliinama kwenye simu akamjibu kwa lugha yake, naye akipaza sauti, kwamba binti yao anakuja sasa hivi, atulie. Mzee akamjibu kwamba asante sana, mama, na yeye mzima. Wakaendelea hivyo, kila mtu na lugha yake, mpaka jina la Chiriku lilipoitwa. Alipopanda jukwaani alisikia makofi ya mpishi yakivuma kuliko ya ukumbi wote, na kutoka kwenye simu kikohozi cha baba yake, kile alichokitumia kila alipotaka kuficha kilio.

Siku ya kuondoka Chiriku alikuwa ameandaa maneno marefu ya shukrani. Alianza kuyasema jikoni, mpishi akamkatiza. "Nenda zako kabla sijaunguza supu," alisema akiwa amempa mgongo, akikoroga kwa nguvu sufuria ambayo haikuwa na moto chini yake. Chiriku aliona. Alimkumbatia hivyo hivyo kwa nyuma, uso kwenye kitambaa cha aproni, wakakaa hivyo kitambo. Mfamasia alimsindikiza mpaka uwanja wa ndege. Huko ndiko maneno yalikowaishia wote wawili, wakabaki kutabasamiana tena kama siku ya kwanza, ila safari hii wakitokwa na machozi.

Kwao walikuja kumpokea wote. Mzee alikuwa amenyoa ndevu na kujikata kidogo kidevuni kwa haraka. Umeme alibeba sanduku kabla hajaambiwa. Kidoti alisimama nyuma ya sketi ya Polepole, amesukwa vizuri, viatu vyeupe, jicho moja tu likichungulia.

"Haya, msalimie," Polepole alimwambia taratibu. "Si unamjua? Wa kwenye simu."

Kidoti akatoka, akaja hatua chache, akatoa mkono kwa adabu zote alizofundishwa.

"Shikamoo, mama mkubwa."

Hakuna aliyecheka. Mtoto hakuwa amekosea, ukifuata hesabu yake. Mwanamke aliyemwogesha na kumlisha alikuwa mama, basi dada mkubwa wa mama angekuwa nani tena? Polepole alijaribu miaka yote hiyo kujiita mama mdogo, lakini neno "mdogo" lilidondoka njiani mtoto alipokuwa anajifunza kusema, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuliokota. Chiriku aliona uso wa mdogo wake ukibadilika rangi. Akachuchumaa, akaupokea ule mkono mdogo, akaitika, "Marahaba, mwanangu." Kisha akaongea njia nzima mpaka nyumbani, kuhusu theluji, kuhusu ndege, kuhusu kofia ya mpishi, bila kupumzika, ili asipate nafasi ya kulia.

Wiki zilizofuata zilimtesa kwa namna ambayo hakuitarajia. Alikuwa amemletea Kidoti mwanasesere anayefumba macho. Mtoto alifurahi, akakimbia naye moja kwa moja kwa Polepole, "Mama, naruhusiwa?" Chiriku alimpakulia chakula, mtoto akasubiri Polepole akipoze. Alimwogesha, Kidoti akavumilia kimya kama mgeni mwenye heshima. Kuna mara Chiriku alimwonea mdogo wake wivu hasa, wivu wa kuchoma kifua, kisha akaona haya kwa wivu ule, maana aliyekuwa anamwonea ndiye aliyemfanya aweze kusoma.

Siku moja alimkuta mzee barazani anajinyoa, akamshikia kioo. Mzee alikuwa ameacha kazi, mikono imeanza kutetemeka, lakini kidevu chake hakumwachia mtu.

"Baba, hawa wawili watafunga ndoa lini? Kwenye simu Polepole aliniambia Umeme ana kazi nyingi."

"Kazi gani?" Mzee alifuta povu. "Kijana wa watu kaja hapa na wazee wake, kaambiwa angoje. Mwaka uliofuata kaja tena, kaambiwa angoje. Mama yake akanuna. Akasema mwanangu atazeeka mlangoni kwa watu."

"Kaambiwa na nani angoje?"

"Na mdogo wako. Alisema haolewi akaenda nyumba ya watu na mtoto wa dada yake, halafu mtu aje amwone mtoto ni wa kufikia tu. Wala hamwachi kwangu mimi mzee. Dada akirudi, ndiyo." Akageuza shavu. "Basi yule kijana akawa anakuja Jumamosi. Nilidhani atachoka. Kajifunza kusuka nywele! Mwanamume mzima, kakaa hapo na kitana, mtoto kamweka magotini."

Chiriku alikaa na kioo mkononi mpaka mzee akamwambia anamwonyesha ukuta.

"Na ile homa," mzee aliendelea, "ulipokuwa unafanya mitihani. Mtoto alilazwa. Polepole alikaa kwenye kiti cha hospitali siku zote zile, nikimwambia tumpigie dada yako, hataki. Anasema, ataacha mitihani aje, na mtoto atapona, halafu itakuwaje?"

Jioni hiyo Chiriku alimfuata Polepole aliyekuwa uani akianua nguo, na maneno yakamtoka yote kwa pamoja, kama kawaida yake. Kwamba amejua kila kitu. Kwamba hana la kusema. Kwamba ndoa ifungwe hata kesho, yeye atamchukua Kidoti chumbani kwake leo hii, "nikutue huu mzigo, mdogo wangu, umeubeba vya kutosha."

Polepole aliacha kuanua.

"Mzigo?" alisema hatimaye. "Nani kakwambia nilibeba mzigo?"

"Sikuwa na maana hiyo."

"Najua hukuwa na maana hiyo." Shuka lilikuwa limemwangukia miguuni, na machozi yanamshuka bila yeye kuyafuta. "Lakini usimnyanyue mtoto kama sanduku, Dada, toka chumba hiki mpaka kile. Atadhani amekosa nini? Na mimi je, niamke asubuhi nione kitanda kitupu? Nipe muda kidogo. Nami nijifunze."

Chiriku aliokota shuka, akashika ncha mbili, Polepole akashika nyingine mbili, wakalikunja.

Walichoamua baada ya hapo walikiamua kwa upole. Polepole angekwenda kwa wazazi wa Umeme siku chache kuongea mambo ya harusi na kumtuliza mama mkwe mtarajiwa. Kidoti angebaki. Aliambiwa mapema, na kweli, kwamba mama anakwenda na atarudi. Hata hivyo siku yenyewe alilia mpaka sauti ikamkauka. Alikataa uji, akakataa yai, akakataa kumtazama mtu. Chiriku hakumbembeleza sana. Alikaa tu karibu naye, na asubuhi ilipofika, kwa kuwa mzee alikuwa na miadi ya macho na nyumbani hakuna mtu, alimvisha viatu akaenda naye kazini.

Kidoti alisimama mlangoni mwa karakana, akasahau kununa. Ukutani ilining'inia miguu, mirefu na mifupi, mingine ina viatu.

"Wenyewe wako wapi?" aliuliza kwa mnong'ono.

"Wanakuja kuichukua mmoja mmoja."

"Wameisahau?"

"Hapana. Walikuwa hawajawahi kuwa nayo. Naitengeneza mimi."

Mtoto alimtazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayestahili kutazamwa. "Na mimi nitengenezee."

"Wewe unayo miwili, tena mizima."

"Wa tatu," alisema Kidoti.

Mkuu wa karakana, yule asiyesifu hata chai, aligeuka upesi kuelekea dirishani, mabega yakimtikisika.

Mgonjwa wa asubuhi ile alikuwa mama muuza nyanya, aliyekatwa mguu chini ya goti baada ya ajali. Chiriku alimvalisha mguu mpya, akakaza mkanda, akaulegeza kidogo, akamsimamisha kati ya vyuma viwili vya kushikilia. Yule mama akaganda. Alivishika vyuma mpaka vidole vikamkakamaa, jasho linamtoka, akasema hawezi, jamani, ataanguka, arudishiwe magongo yake. Chiriku alimwambia haya na yale, kwa ufundi wote wa mdomo wake, lakini wapi.

Ndipo Kidoti, aliyekuwa ameambiwa akae kwenye kigoda, akaondoka akasimama upande wa mwisho wa vile vyuma. Akafungua mikono yake yote miwili kama inavyofunguliwa kumpokea mtoto anayejifunza kutembea. "Njoo," alisema. "Njoo, njoo, usiogope. Mimi nipo."

Maneno yale yalikuwa ya Polepole, hata sauti ilikuwa ya Polepole. Chiriku alipoyasikia alijua sasa mwanawe alivyofundishwa kutembea. Muuza nyanya akaangua kicheko, na katika kucheka akasahau, mguu ukaenda. Akaukanyaga. Ukambeba. Akapeleka na wa pili. Kidoti akarudi kinyumenyume, mikono wazi, "njoo, njoo," mpaka wakafika mwisho, na yule mama akamkumbatia mtoto huku amening'inia nusu kwenye vyuma, akilia na kucheka.

Wakati wa kurudi nyumbani Kidoti alitembea mpaka kwenye duka la vitabu, akasimama. Akainua mikono. "Mama mkubwa, nimechoka. Nibebe."

Chiriku akambeba. Alikuwa mzito, miguu inamgonga mapajani, kichwa begani kimeshaanza kulala. Chiriku hakuongea njia nzima.

Polepole aliporudi aliwakuta wanamenya viazi, Kidoti anavitaja kwa lugha ya ng'ambo. Ndoa ilifungwa kabla mwaka haujaisha, na mama yake Umeme alinuna kidogo tu, kwa heshima ya siku. Wakahamia nyumba ya mtaa wa pili. Kidoti alihama mwenyewe, kwa mtindo wake: kwanza mwanasesere alikwenda kulala chumbani kwa Chiriku, halafu mto, halafu usiku mmoja mwenye mto. Siku za mwisho wa juma alikuwa kwa Polepole. Aliwaita wote wawili mama, na akiulizwa na watu yupi ni yupi, alishangaa kwamba mtu mzima hawezi kuona.

Hata hivyo Chiriku alikuwa bado hajashukuru. Alimshukuru mpishi kwa simu, akaambiwa asipoteze pumzi. Alimshukuru Mfamasia, ambaye sasa ana duka lake la dawa huko kwao. Lakini kwa mdogo wake kila alipoanza alikwama. Jumapili moja alikwenda kumchukua Kidoti, akamkuta Polepole jikoni mwake anachemsha chai, Umeme yuko nje juu ya ngazi na mtoto anampa maelekezo. Chiriku akaketi.

"Nimewaza namna ya kukushukuru," alisema, "mpaka maneno yameniisha."

"Wewe? Maneno yakuishe?"

"Kweli. Nikisema asante naona kama nimepewa maji ya kunywa tu."

Polepole alimimina chai. Alimimina kikombe cha kwanza, akamimina cha pili, akaketi. "Mimi ndiye ninayekaa nawaza, Dada. Ulisoma, ukarudi na chako. Lakini siku mtoto aliposema neno la kwanza nilikuwapo mimi. Alipotoka hospitali akaomba chakula, nilikuwapo mimi. Hiyo siwezi kukurudishia. Nikikuona unamwangalia, najisikia kama nimekula cha mtu."

Chiriku alimshika mkono juu ya meza.

"Lilikuwa neno gani?" aliuliza.

"Lipi?"

"La kwanza."

Polepole akafikiri, tabasamu likimjia taratibu kama mambo yake yote. "'Bado.' Kila nikiulizwa nimemaliza kitu nasema bado. Naye siku hiyo nikamwuliza, umeshiba? Akasema, bado."

Chiriku alicheka mpaka chai ikamwagika. "Niambie na mengine," alisema. "Yote. Anza siku niliyoondoka."

"Ni mengi."

"Nimekaa."

Polepole akaanza. Alisimulia kwa mwendo wake, akisimama kila mara kukumbuka kama ilikuwa asubuhi au mchana, kama gauni lilikuwa la njano au la kijani, na Chiriku, aliyezoea kumalizia watu sentensi zao, hakumkatiza hata mara moja. Chai ilipoa. Nje kelele za ngazi zilikoma. Kidoti akaingia, akasimama mlangoni akisikiliza, akatambua kwamba anayesimuliwa ni yeye. Akajipenyeza katikati ya wale wanawake wawili, akaegemea huku, akanyoosha miguu kule.

"Sikusikia mwanzo," alisema. "Rudia."